Hakuna mtoto wa macho wala mtoto wa mikono

Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wa Kenya waingie Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, lugha mpya imezuka kwenye baraza za Amu, yaani Lamu. Zamani mzazi alisema mwanawe ana akili au ni mzito, ana bidii au ni mvivu. Siku hizi anasema, "Huyu wangu ni mtoto wa mikono." Dadake "ni wa macho, akiona picha basi." Mdogo wao "ni wa masikio, msimulie tu atashika." Niliyasikia haya kwenye mkutano wa wazazi uliohusu mikondo mitatu ya Sekondari Pevu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa sayansi za jamii; na wa sanaa na michezo. Baba mmoja alikuwa ameshaamua tangu nyumbani. Kijana wake ni wa mikono, vitabu havimfai, kwa hiyo apelekwe sanaa. Hakuna aliyembishia. Mwalimu aliyesimama mbele aliitikia kwa kichwa.

Nadhani hapa tumepotoka, na tumepotoka kwa nia njema, ndiyo maana kurudi ni kazi. Mtaala ulitaka mtoto ajue kutenda anachofundishwa, asiishie kukitaja tu. Sisi tukaugeuza: "ajifunze kwa kutenda" ikawa "kuna watoto wa kutenda na watoto wa kusoma." Hayo ni mambo mawili tofauti. Ninavyoona mimi, hisi haziwagawi watoto. Hisi zinagawana kazi. Kuna jambo ambalo jicho ndilo mlango wake, kuna ambalo ni la sikio, kuna ambalo usipolishika kwa kidole hutalijua milele, na mara nyingi ndani ya kazi moja hisi hizo hupokezana zamu. Na kama jambo hilo litakuwapo kichwani au mkononi baada ya mwezi, hilo haliamuliwi na mlango lililoingilia. Linaamuliwa na mara ngapi mtoto amelazimika kulitoa mwenyewe.

Mgawanyo huu wa watoto haukuanzia kwetu. Mwaka 1992 Neil Fleming, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule New Zealand, alitoa pamoja na Colleen Mills dodoso la kumsaidia mwanafunzi kutambua anapendelea kupokea habari kwa njia gani: kwa kuona, kwa kusikia, kwa kusoma na kuandika, au kwa kutenda. Dodoso liliuliza kuhusu upendeleo. Lilipofika kwenye warsha za walimu duniani kote lilikuwa limeshageuka kuwa kipimo cha ubongo. Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa kuhusu imani za walimu ulikuta kwamba asilimia 93 ya walimu waliohojiwa Uingereza, na asilimia 96 ya wale wa Uholanzi, waliamini kuwa mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa hisi anayoipenda. Kwa hiyo mwalimu wetu aliyeitikia kwa kichwa hana la kuonea haya. Ana wenzake wengi, na wenye maabara karibu kuliko yeye.

Lakini wingi wa waumini hauthibitishi kitu. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia tafiti zilizokuwepo wakiwa na sharti moja la haki. Kama kweli kuna watoto wa macho na watoto wa masikio, basi chukua kundi la kila aina, nusu yake uifundishe kwa picha na nusu kwa sauti, kisha wote uwape mtihani mmoja. Dai likiwa la kweli, wa macho watafaulu zaidi kwa picha na wa masikio kwa sauti. Walikuta tafiti chache mno zilizopangwa hivyo, na kati ya hizo baadhi zilitoa majibu yanayopingana waziwazi na dai. Hawakusema watoto wote ni sawa. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mwalimu apange darasa kwa mgawanyo huo. Na ukitafakari kidogo huhitaji hata maabara. Mtoto wa masikio utamfundishaje ramani ya kisiwa cha Pate bila kumwonyesha? Na huyo wa macho atajuaje kughani utenzi kwa kuangalia picha ya mtu anayeghani?

Nenda kijiji cha Matondoni, ambako vyombo vya baharini vingali vinaundwa kwa mkono. Mara ya mwisho nilipokaa kwenye kivuli cha chombo kilichopandishwa ufuoni, kijana wa miaka kumi na sita hivi alikuwa akipiga kalafati. Anasokota pamba iliyotiwa mafuta, anaisukumiza kwenye mwanya baina ya mbao mbili kwa patasi butu, anaigonga kwa nyundo ya mti. Fundi alikuwa amempa mgongo, anachonga taruma, yaani ubavu wa chombo, kwa tezo. Bila kugeuka akasema, "Rudi hapo. Haiyayaa." Yaani haijajaa. Kijana akarudi shubiri moja nyuma, akagonga, na hata mimi nisiyejua kitu nilisikia: mlio ulikuwa mzito, umekufa, baada ya mapigo kumi na kitu ukapanda, ukawa mkavu, mbao zikaitika. Ndipo akasogea mbele.

Sasa fundi yule tumwite mtu wa masikio? Taruma aliyokuwa akiichonga aliipima kwa jicho, amefumba moja, hana rula wala timazi. Akishamaliza anapitisha kidole gumba kwenye kiungo akitafuta kwa ngozi tofauti ambayo jicho halioni. Mtu mmoja, asubuhi moja, hisi tatu, na hakuna hata moja aliyoichagua kwa sababu anaipenda. Kazi ndiyo iliyochagua. Mwanya wa kalafati hauonekani undani wake, kwa hiyo jicho halina la kusema pale. Sikio linalo. Na mwanafunzi wake hakuanza na sikio. Siku za kwanza alitazama tu, kisha akagonga huku ameikodolea macho patasi isimponyoke, na mlio huo ambao fundi aliusikia kwa mgongo yeye alikuwa hana nafasi ya kuusikia, kwa sababu kichwa kizima kilikuwa kwenye vidole vyake.

Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner, katika maandishi yao ya mwaka 1967, waliieleza safari hii kwa vituo vitatu. Kwanza mtu anawaza kila hatua, karibu anajisemea moyoni, na jicho linafanya kazi kubwa. Kisha makosa yanapungua na hatua zinaungana. Mwisho mkono unakwenda wenyewe, na akili inapata nafasi ya kushughulikia mengine. Tazama bibi wa Kipungani anavyosuka ukili. Miyaa inapishana, yeye anakuhadithia harusi ya mwaka gani sijui, macho yako usoni mwako. Mwambie akueleze vinachokifanya vidole vyake, na vidole vitasimama. Bibi huyo aliwahi kuwa msichana aliyesuka kwa kukazia macho kila jani. Ukimkuta siku ile utamwita wa macho. Ukimkuta leo utamwita wa mikono. Tunachokiita aina ya mtoto mara nyingi ni kituo alichofikia kwenye safari ya kazi fulani.

Kwamba mkono una kumbukumbu yake mbali na kumbukumbu ya maneno, hilo lina ushahidi wa ajabu. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji uliotoa sehemu za ndani ya ubongo wake pande zote mbili. Kuanzia hapo hakuweza kushika jambo jipya. Alikutana na madaktari walewale kila mara kama wageni. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akifuata mistari huku anauona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomvuruga kila mtu mara ya kwanza. Siku ya pili alikuwa bora kuliko ya kwanza, ya tatu bora zaidi. Na kila siku hakukumbuka kama amewahi kuifanya. Mkono ulikumbuka, mwenyewe hakukumbuka. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu, alitunga utenzi kuhusu uundaji wa chombo, ukachapishwa mwaka 1979, na msamiati uliokuwa ukipotea ukapata pa kukaa. Ni hazina. Ila hakuna aliyeunda hata mashua kwa kuuhifadhi, wala mafundi wengi wanaounda vyombo hawaujui beti moja. Majina hukaa upande mmoja, ujuzi upande mwingine, na shule inayopima upande mmoja isidai imepima wote.

Kuna pia kisa cha Ian Waterman, Mwingereza aliyepatwa na maradhi mwaka 1971 akiwa na miaka kumi na tisa, akapoteza hisi ya kugusa na ile inayotuambia viungo vyetu viko wapi, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli ilikuwa nzima, lakini hakuweza kusimama. Alijifunza upya kukaa, kutembea na kushika kikombe kwa kuvitazama viungo vyake na kuamuru kila mwendo. Taa zikizimika ghafla, huanguka. Wanaosema hisi moja inaweza kuziba pengo la nyingine wanasema kweli, na Waterman ni shahidi wao. Lakini angalia gharama: jambo ambalo sisi tunalifanya tukiwaza mambo mengine, kwake ni kazi ya siku nzima. Ndiyo sababu siwezi kukubali kirahisi kwamba kazi ya mkono inafundishika kwa video, eti kwa kuwa mtoto "ni wa macho." Video inamfikisha kwenye kituo cha kwanza cha Fitts na Posner, na kwa uzuri. Hapo inamwacha.

Wanaotetea mgawanyo wana hoja, na nyingine ni nzito. Wanasema watoto hawalingani, na kila mwalimu aliyeingia darasani anajua. Kweli hawalingani. Wanatofautiana kwa waliyoyajua kabla, kwa subira, kwa wepesi wa kusoma, kwa mapenzi. Mtoto wa mvuvi anayejua bamvua na maji mafu tangu hajaanza shule ataelewa somo la mwezi na maji kupwa na kujaa upesi kuliko mwenzake, na hilo halikutokana na jicho wala sikio. Limetokana na alichokuja nacho. Wanasema tena kwamba kuna watoto wasioona na wasiosikia, je, nao? Hao ndio wenye haki kamili ya kufundishwa kwa hisi waliyonayo, kwa Breli na kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na inaniudhi haki yao inapochanganywa na dodoso la mapendeleo. Mtoto asiyeona hana "upendeleo" wa kugusa. Na wanasema mtoto anayepewa kwa njia anayoipenda huchangamka. Hii naikubali bila ubishi. Kuchangamka ni mtaji. Ila mtoto anayependa halwa haina maana halwa ndiyo itakayomjenga mifupa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: ile piramidi inayosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, 30 ya tunachoona, mpaka 90 ya tunachotenda. Nimeiona kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, imechapwa kwa rangi. Husingiziwa Edgar Dale, mwalimu wa Marekani, ambaye mwaka 1946 alichora koni akipanga aina za uzoefu, kutoka kutenda chini kabisa hadi maneno matupu kileleni. Koni yake haikuwa na namba hata moja. Namba zilipachikwa na watu wengine baadaye, na zinavyopangika kwa makumi makumi zingepaswa kututia shaka mapema. Kumbukumbu ya binadamu haijui kuhesabu vizuri hivyo. Asilimia 10 ya nini? Baada ya siku ngapi? Kusoma barua ya kufukuzwa kazi na kusoma orodha ya madini ni kusoma kulekule?

Kuna uongo mwingine mdogo ndani ya piramidi hiyo, kwamba hisi zikiwa nyingi ndivyo bora. Hapana. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani ametumia miaka mingi kuonyesha kuwa mchoro pamoja na maelezo ya sauti husaidia kuliko maneno pekee, lakini ukiongeza maandishi yaleyale unayoyasoma kwa sauti, mwanafunzi anaanza kulemewa. Na harufu, ambayo njia yake ubongoni iko karibu mno na sehemu za hisia na kumbukumbu, hurudisha siku nzima ya utotoni kwa moshi wa udi mara moja, ila haimfundishi mtu hatua za kazi. Humwambia saa tu: mpishi wa pilau anajua kwa pua vitunguu viko karibu kuungua.

Niseme neno la chuoni, yaani madrasa ya Kurani, maana hapa ndipo walio upande wangu nao hukosea. Katika kusifu kutenda, tumekubaliana kutukana kukariri. Mimi ni mmoja wa waliokaa mkekani, tukiimba alifu na bee kwa pamoja hadi koo likauke, na wapo wanaodhani kilichotuingizia zile aya ni kelele na kuyumba mbele na nyuma, yaani sikio na mwili. Nadhani hawakutazama vizuri. Kilichotuingizia ni kudurusu. Ulichohifadhi jana unakisoma leo mbele ya mwalimu bila kufungua msahafu. Cha wiki iliyopita unakirudia. Ukikwama anakuachia ujitafute kabla hajakutilia neno. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio kuhusu jambo hilihili bila kujua chuo cha Amu. Waliosoma kifungu kwa vipindi vinne walikumbuka asilimia 83 baada ya dakika tano; waliosoma kipindi kimoja kisha wakajikumbusha vipindi vitatu bila kutazama walikumbuka asilimia 71. Baada ya wiki mambo yaligeuka: wa kwanza walibaki na asilimia 40, wa pili 61. Hakuna hisi iliyobadilika hapo. Wote walitumia macho. Kilichobadilika ni kulazimika kutoa.

Kwa mkono ni vilevile. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha habari za wafanyakazi wa posta Uingereza waliofunzwa kupiga chapa. Kundi lililofanya saa moja tu kwa siku lilijua kibodi kwa jumla ya saa chache kuliko lililofanya saa nne kwa siku. Na ndilo lililonung'unika zaidi, likijiona limeachwa nyuma. Naipenda sehemu hiyo ya manung'uniko kuliko namba. Inatuambia kwamba mafunzo yanayobaki hayana utamu yakiwa yanaendelea, na kwamba mwanafunzi mwenyewe, seuze mzazi, si hakimu mzuri wa njia inayomfaa. Vilevile mwaka 1984 Alan Salmoni, Richard Schmidt na Charles Walter walipitia tafiti za mwendo na kuona kuwa mtu anayesahihishwa kila jaribio hung'ara wakati wa mafunzo, kisha hulegea msahihishaji akiondoka. Yule fundi wa Matondoni alimsemesha mwanafunzi wake mara moja tu muda wote niliokaa.

Tukirudi kwenye mikondo, baba yule aliyempeleka kijana wake wa mikono kwenye sanaa pengine hajui kuwa useremala, umeme na ufundi wa vyuma vimewekwa kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia, pamoja na hisabati zake. Wala mkondo wa sanaa hauna msamaha wa vitabu. Muziki una nota zake na michezo ina elimu ya mwili. Hakuna mkondo wa hisi moja. Mtoto anayeambiwa akiwa na miaka kumi na tano kwamba yeye si wa kusoma, ameshafungiwa mlango ambao mtaala wenyewe uliuacha wazi, na atakuwa wa kwanza kuamini. Shule nazo zina la kubadilisha, na halihitaji bajeti: kazi ya vitendo isipimwe siku ileile ilipofundishwa. Fundo lililofundishwa Januari lifungwe Machi, bila picha ukutani, na mtoto aachiwe kukwama kidogo.

Kwa sasa tunapima kitu kingine. Muhula uliopita watoto wa darasa moja hapa mjini waliambiwa wajenge mfano wa jahazi. Jirani yangu, mwenye duka na asiye na saa ya ziada, alimnunulia mwanawe jahazi tayari kwa fundi anayewauzia watalii karibu na gati, likiwa na tanga la kitambaa cheupe na kamba zake. Mwalimu alilipiga picha kwa simu, likapata alama ya juu. Sasa limo kabatini sebuleni kwao, nyuma ya kioo. Juzi nilimuuliza mtoto omo, yaani mbele ya chombo, ni upande upi, na tezi, yaani nyuma yake, ni upi. Alimtazama babake.